Risasi ya Sita ya Mzee Rotich

Vijana wangu wa Milimani,

Siku yangu ya mwisho studio mliniambia niandike "kidogo tu, mathe, kabla hujasahau," mkanipa na daftari jipya la kurasa mia mbili. Nimezihesabu mara mbili. Ziko mia moja tisini na nane. Mwenye duka amewachezea, na ninyi mkamwambia asante. Basi hilo liwe somo la kwanza, na sijaanza hata kuandika.

Vyeo sitavitaja. Nilipata viwili, na kimoja kilifutwa. Mshahara nao nauacha ulale. Nitawaambia kazi yenyewe, na nitawaambia ni kwa nini rivolva ya gemu yetu inaanza na risasi tano badala ya sita, maana najua kuna wapya wameingia baada yangu na bado wanadhani maneno ya mwenye stoo wa gemu ni ya kubuni tu.

Nilianzia stesheni ya Longonot, nikiuzia abiria viazi na mahindi ya kuchoma. Treni ilikuwa ikisimama dakika chache, mikono inatoka madirishani kama kuku wameona mtama, na kila mmoja anadai alinyoosha wa kwanza. Hapo ndipo nilijifunza kuhesabu mara mbili: ya kwanza kwa jicho, kitu kikitoka mkononi; ya pili kwa kidole, kabla filimbi haijalia. Anayehesabu kwa jicho peke yake huibiwa. Anayehesabu kwa kidole peke yake huachwa na treni.

Siku moja meneja wa shamba kubwa la ng'ombe la hapo karibu alikuja kuchukua mifuko ya chumvi ya mifugo. Akahesabu, akasema arobaini, akataka kutia sahihi. Mimi nimekaa na ungo wangu wa viazi, nikasema, "Boss, ni thelathini na tisa." Akanitazama vile mtu hutazama mbuzi aliyezungumza. Akarudia kuhesabu. Thelathini na tisa.

"Unajua kuandika?"

"Najua."

"Kesho asubuhi uje shambani."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani wa stoo ya bunduki. Sikuwa nimewahi kushika bunduki. Lakini meneja hakutaka mtu wa bunduki, huyo alikuwa naye tayari. Alitaka mtu wa kalamu.

Huyo mtu wa bunduki alikuwa Mzee Rotich, fundi, mzaliwa wa Keringet. Nilifika na binti yangu Shiru mgongoni, wakati huo hajaanza kutambaa. Mzee akaacha kupaka mafuta bunduki aliyokuwa nayo, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi.

"Huyo naye amekuja kazi gani?"

"Huyo ni msimamizi wangu."

Hakucheka. Kesho yake nilipoingia nikakuta katoni kubwa pale pembeni, mbali na mafuta na vyuma, ndani imetandikwa blanketi lililokunjwa mara nne. Hakusema ni ya nani. Akaendelea na kazi yake. Nimefanya kazi na watu wengi waliosema maneno matamu, lakini wa katoni nimempata huyo mmoja.

Mzee alinifundisha kwamba bunduki haina neno la mtu. Mtu akikupa bunduki akisema ni tupu, wewe ifungue, uangalie, kisha uingize kidole kidogo kwenye tundu. Nikamuuliza, nikishaona kwa macho, kidole cha nini tena? Akasema, "Macho huona kile moyo unataka. Kidole hakina moyo." Mimi na yeye tulielewana siku hiyo. Tulikuwa dini moja.

Bunduki nyingi za pale zilikuwa ndefu, za walinzi. Rivolva ilikuwa moja. Ni ile bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye gurudumu lenye matundu sita, na kila ukivuta kifyatulio gurudumu linazunguka tundu moja. Ilikuwa ya zamani sana, ya babake mwenye shamba wa kwanza, aliyeibeba katika ile vita ya kwanza ya Wazungu iliyopiganwa huku kwetu mpaka Tanganyika. Kwa siku zangu kazi yake ilikuwa ya huruma tu: ng'ombe akivunjika mguu, meneja anaichukua na kwenda kummaliza.

Amri ya meneja ilikuwa imebandikwa ukutani: rivolva ikae tayari na risasi sita. Mimi kila asubuhi nikaandika kitabuni, sita. Na kila asubuhi Mzee Rotich akaweka tano, akaacha tupu lile tundu lililo chini ya nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, na risasi ya sita akaitia kwenye mkebe wake wa ugoro. Jioni anairudisha kwenye boksi, mbele yangu, nikihesabu kwa jicho na kwa kidole.

Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini. Akaniambia habari ya fundi aliyemfundisha yeye. Huyo fundi aliangusha rivolva kama hiyo kwenye sakafu ya simiti, ikatua kwa nyundo yake, ikajifyatua yenyewe. Alichechemea mpaka alipozikwa.

"Chuma kikizeeka hakiaminiki," Mzee akasema. "Chini ya nyundo hapakai kitu. Ya sita wacha ilale."

"Basi mwambie meneja abadilishe amri."

"Meneja anapenda sita. Mwache awe nazo sita kitabuni."

Nikacheka. Nikaendelea kuandika sita. Kalamu ni yangu, mkono ni wangu. Wekeni hilo akilini, tutalirudia.

Siku moja nyati aliyejeruhiwa aliingia kwenye zizi la ndama. Meneja akakimbia stoo, akanyakua rivolva, akaenda. Alikuwa mtu jasiri kwa maneno. Alipiga tano, na sidhani nyati alijua anaongeleshwa yeye. Akavuta mara ya sita. Ikalia "tak." Meneja akaruka ua, suruali ikabaki na waya, na wafanyakazi wote wakaona kile ambacho haikuwa kazi yao kuona.

Nyati angekamatika, angechukuliwa hatua yeye. Lakini nyati alirudi msituni kwa miguu yake, kwa hivyo meneja akaja stoo, ameshika kitambaa kiunoni.

"Karani! Ulitoa risasi ngapi?"

Mzee Rotich alikuwa amesimama kwenye meza yake. Shiru alikuwa kwenye katoni, amelala. Nilijua jibu. Nilijua jibu kuliko jina langu. Lakini nikikiri nilijua ni tano, basi mwongo wa kitabu ni mimi, na kazi imekwisha, na mimi na mtoto tunarudi kwenye ungo wa viazi.

Nikasema, "Kitabu kinasema sita."

Walinzi wakampekua Mzee. Wakapata mkebe. Ndani ya ugoro, risasi moja.

Mwizi wa risasi hahitaji kesi ndefu shambani. Mzee hakujitetea. Hakunitazama hata. Alipanga vyuma vyake kwenye boksi, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaondoka akiisukuma, maana mzigo ulikuwa mzito kwa kupandwa. Nilisimama mlangoni nikisikia gurudumu la nyuma, tik-tik-tik-tik, mpaka kona ya miti, na hata alipopotea niliendelea kulisikia. Ile katoni aliiacha.

Nilikaa pale miaka mingi, na mtu atauliza ni kwa moyo gani. Kwa moyo wa mtu mwenye mtoto. Fundi mpya aliweka sita, na mimi nikaandika sita, na kitabu kikawa safi. Sijawahi kuchukia kitabu safi kama kile. Baadaye shamba liligawanywa, nikaja Nakuru, nikawa mwenye stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huko nilihesabu misumari. Misumari haina hadithi.

Kisha nikaja kwenu. Mlinichukua nitunze funguo, kompyuta, kamera na sukari, na kati ya hivyo vyote kilichokuwa kikipotea sana ni sukari. Gemu yenu sikuielewa. Niliona vijana wazima wanapigana vita vya mababu zao, vile vya Tanganyika, wakiwa wamevaa sendo. Lakini siku moja nilipita nyuma ya Kevo, aliyekuwa mkubwa wa kuchora na kupanga mchezo, na kwenye skrini yake kulikuwa na mkono unaojaza risasi kwenye rivolva. Gurudumu lilikuwa linatokea ubavuni.

Nikasema, "Hiyo yako si ya vita hiyo."

"Aje, mathe?"

"Ya wakati huo inakunjuka katikati, kama mtu anavunja muwa kwa goti. Ukiivunja, maganda yote ya risasi yanaruka nje pamoja. Hiyo umechora ni mjukuu wake."

Ofisi nzima ikageuka. Chai ikapoa. Chebet, aliyekuwa akitengeneza sauti za mchezo, akatoa vitu vyake masikioni akauliza polepole, "Mathe, kwani ulikuwa wapi kabla ya sukari?"

Kuanzia hapo nilipewa kiti. Nawaambia ninyi wapya: kabla hujachora kitu, kibebe. Nilimpa Kevo paketi ya sukari ya kilo moja, maana rivolva ile ilikuwa na uzito huo na kidogo juu, nikamwambia anyooshe mkono aishike hadi nimalize kusali. Nilisali kwa kirefu. Nilipofika kwa kuwaombea majirani, kiwiko chake kilikuwa kimeshuka na kidole gumba kinatetemeka. "Sasa chora hiyo," nikamwambia. Akachora hiyo. Ndiyo maana askari wetu wa gemu huchoka kama mtu.

Pia nilimwambia askari wetu hawakupewa rivolva, ilikuwa ya maofisa. Wetu walibeba bunduki ndefu na mizigo ya watu. Kwa hivyo kwenye mchezo askari anaipata mkononi siku ofisa wake ameumia na kumtuma nayo stoo ikajazwe. Hiyo stoo niliichora mimi kwa kalamu, na dirisha liko upande ambao lilikuwa.

Sauti ya gurudumu kuzunguka ilitushinda. Chebet alijaribu kufuli, komeo la geti, saa ya mezani. Nikampeleka kwa mafundi wa baiskeli kule jua kali. Nikainua baiskeli moja moja, nikazungusha gurudumu la nyuma, nikatega sikio.

"Mathe," fundi akasema, "unanunua ama unasikiliza?"

"Nasikiliza kwanza. Wewe ulioa bila kuongea naye?"

Ya saba ilikuwa nyeusi, kuukuu, ya kubebea maziwa. Nikaizungusha. Tik-tik-tik-tik. Nikalazimika kukaa kwenye tairi. Chebet alidhani ni jua. Akarekodi, na hiyo ndiyo mnaisikia mpaka leo.

Basi tukafika kwa risasi. Kevo akasema sita. Nikasema tano. Nimepatana bei maisha yangu yote, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza napatana ili nipewe kidogo.

"Mathe, matundu ni sita."

"Matundu ni sita, risasi ni tano."

"Kwa nini?"

"Chuma kikizeeka hakiaminiki."

Akaona nimeng'ang'ana, akaniwekea tano. Tukaita vijana wa chuo waje wajaribu mchezo. Walipenda stoo, wakapenda sauti, wakapenda mkono unaochoka. Lakini kila mmoja, akishapiga tano na kusikia "tak," alipiga meza. Nilisimama nyuma yao na sahani ya mandazi nikisikia yale yale.

"Wee! Risasi moja iko wapi?"

"Hawa wasee wametuibia."

"Mwenye stoo ni mwizi, buda."

Huyo wa mwisho sikumpa andazi.

Jioni Kevo alinijia kwa upole. Alikuwa kijana wa adabu, alijua kunyanyasa mtu kwa upole. "Mathe, wote wanasema ni bug, kosa la kompyuta. Wakiona ni bug, watadharau vitu vingine vyote. Ijumaa tunafunga kazi. Wacha nirudishe sita."

Nikajikuta nimekaa, na ninawaeleza yeye na Chebet habari ambayo hata Shiru, ambaye sasa ana watoto wake, sikuwahi kumwambia. Mkebe. Nyati. Kitabu kinasema sita.

"Sasa mkiweka sita," nikasema, "mtakuwa mmenisaidia kuandika tena."

Kevo akajikuna kichwa. "Lakini mathe, hata sisi tunafanya vile ulifanya. Tumeweka tano na hatujasema. Ndiyo wanaita mwenye stoo mwizi."

Kijana huyo ana akili, ijapokuwa anahesabu kurasa vibaya. Akasema lazima ionekane: mwenye stoo atoe risasi ya sita mbele ya mchezaji, aitie kwenye mkebe, aseme sababu. Kwa sauti yake. Chebet akauliza, "Huyo mzee bado yuko?"

Sikujua. Na nawaambia ukweli, sehemu ya moyo wangu ilitaka jibu liwe hapana. Maiti haikuulizi kitu.

Chebet anatoka pande hizo. Alipiga simu tatu. Yuko, akasema. Macho yamekwisha, masikio ni mazima.

Jumatano tulipanda Keringet kwa gari la Kevo. Njiani niliwahesabu watu garini mara mbili, na tulikuwa watatu. Mzee Rotich alikuwa ameketi nje kwenye jua, koti zito, fimbo kati ya magoti. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Njoro. Chebet akamwamkia, "Chamgei," akamweleza kwamba kuna mgeni. Kabla sijafungua mdomo, Mzee akageuza sikio.

"Huyo anayepumua kama amebeba viazi ni nani?"

"Ni mimi, Mzee. Karani."

Kuku wakapita. Kisha akauliza, "Msimamizi wako yuko?"

"Shiru ni mama wa watoto watatu."

"Watatu," akasema, akionja hiyo hesabu.

Nikapiga magoti pale kwenye nyasi, na magoti yangu ni ya kustaafu. "Mzee, siku ile nilijua ni tano. Nilijua na nikasema kitabu. Nilikuuza."

"Ulijua," akasema. "Mimi pia nilijua unajua. Ningesema, 'Muulize karani, anaona kila asubuhi,' si ungefukuzwa?"

"Ningefukuzwa."

"Tungeondoka wawili na mtoto. Nikinyamaza, naondoka mmoja. Hiyo hesabu niliifanya mara mbili, karani. Ilitoka vile vile." Akagonga fimbo chini. "Lakini iliuma. Si kufukuzwa. Hapa nyumbani walisikia niliiba. Mama yangu alikufa akijua niliiba. Ungekuja mapema."

Hapo sikupatana naye. Kitu cha kweli hakipunguzwi bei.

Kevo akamweleza shida yetu, gemu na stoo na tundu lililo tupu. Mzee hakuelewa gemu ni nini. Chebet akampa kifaa cha masikioni, akamchezea sauti ya gurudumu. Mzee akasikiliza mdomo ukiwa wazi.

"Hiyo ni baiskeli," akasema.

"Ni baiskeli, Mzee," nikasema.

"Kama yangu." Akavua kile kifaa. "Na watu wangapi watasikia hii maneno yenu?"

Kevo akataja idadi ya wale waliojiandikisha kuungojea mchezo. Mzee akamwambia arudie. Akarudia.

"Basi nitasema. Lakini na huyu aseme. Si stoo ina karani? Mimi nitauliza kama meneja, yeye ajibu. Bila yeye, hakuna."

Alijua kupatana kuliko mimi. Chebet akaweka maikrofoni kwenye kigoda kati yetu. Mzee akasema kwanza ya kwake, taratibu, kama anaongea na mwanafunzi: "Chini ya nyundo hapakai kitu. Ya sita wacha ilale." Kutoka kwenye koti akatoa mkebe wa ugoro, akaufunika, klak. Chebet akafumba macho kwa furaha.

Kisha Mzee akajinyoosha kitini, akakaza sauti, na baada ya miaka yote hiyo akamleta meneja mzima pale uani.

"Karani! Umetoa risasi ngapi?"

Nikamtazama. Macho yake meupe yalikuwa yamenielekea, yale ambayo siku ile hayakunitazama.

"Tano ndani, bwana," nikasema. "Moja iko kwa mkebe. Nimeiona kwa macho yangu."

Upepo ulikuwa umepita, Chebet akaomba nirudie moja ya akiba. Nikarudia. Ya pili ilitoka vizuri zaidi.

Mzee Rotich akanyoosha mkono hewani akinitafuta, nikampa wangu. Akapapasa kidole changu cha kuhesabia, kile kidogo, akakibana.

"Haya, karani," akasema. "Sasa andika."